Huruma Isiyo na Kipimo

Miongoni mwa masuala yaliyoletwa katika darasa letu ni hili: mtu akimfanyia mgonjwa jambo kwa huruma safi, kisha jambo lile likamdhuru, je, aliyelifanya ana lawama? Baadhi ya ndugu walisema kuwa hana, kwani kila amali huhesabiwa kwa nia yake. Wengine walisema kuwa nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza kabla hajatenda. Tuliahidi kuandika jawabu, nasi twaliandika leo, si kwa kuwa tu wajuzi kuliko wengine, bali kwa kuwa jambo lenyewe limetupata sisi wenyewe, na mwenye kosa ndiye apasaye kuanza kusema.

Tunaye rafiki yetu wa miaka mingi, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Machakos akasomesha watoto chuoni mpaka figo zake zikashindwa na kazi. Yapata miaka mitano sasa damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini, kila Jumatatu na kila Alkhamisi. Tulikwenda kumzuru siku ya Jumapili. Basi lilitushusha Kyumvi, penye njia panda ya Machakos, nasi tumechukua zawadi za kwao: madafu, tende, na kipande cha papa mkavu.

Tulimkuta amekaa barazani, midomo imemkauka. Mkewe akamletea maji katika kikombe cha kahawa, kile kidogo kisichokuwa na mkono. Hapo tulikasirika kimoyomoyo, tukaona mwanamke huyu amekuwa bakhili hata wa maji. Tukakata dafu tukampa. Akalitazama dafu, kisha akatutazama sisi, akasema, "Sheikh, mimi siku hizi hupimiwa." Tukamjibu, "Kunywa, Maalim. Dafu la kwenu halijapata kumdhuru mtu." Akanywa, na la pili akanywa. Akala tende, na jioni akala wali kwa mchuzi wa papa. Wala hakuyafanya hayo kwa uroho. Aliyafanya kwa kutustahi, asimrudishe mgeni aliyetoka mbali.

Usiku ule hakuweza kulala chali. Alikaa kitako ameegemea mito mitatu, pumzi ni fupi, na moyo wapiga mara mbio mara wakawia. Majirani walileta gari, akapelekwa hospitali, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kuunganishwa na mashine. Alhamdulillahi alipata nafuu. Daktari alipotuuliza amekula nini na amekunywa nini, tulimweleza yote. Hakutukaripia. Alikaa nasi akatufahamisha, na mengi ya tutakayoyasema hapa chini ni matunda ya kikao kile, na ya yale tuliyoyatafuta na kuyasoma baadaye.

Tuanze kwa kulifahamu jambo lenyewe, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua.

Figo za mtu mzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 katika wiki, wala hazipumziki. Hutoa maji yaliyozidi na uchafu wa damu, na hupima chumvi na madini yaliyomo mwilini. Zinapokufa, mashine hushika mahali pao. Lakini mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa nane tu za kazi hiyo. Saa 160 zilizobaki, kila anachokunywa hubaki ndani yake ila kile kidogo kitokacho kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo ikiwa bado anao. Lita moja ya maji ni kilo moja ya uzito. Ndipo madaktari wakawa humpima mgonjwa kwa mizani kila anapofika: hawapimi unene, wanapima maji.

Maji hayo huingia katika damu, na damu iliyozidi hupitia katika moyo. Moyo nao ni msuli, na msuli unaobebeshwa mzigo kila siku huwa mnene. Huenda mtu akadhani kuwa moyo mnene ni moyo wenye nguvu, na sivyo. Ukuta wake ukinenepa hukakamaa, hushindwa kujaa vizuri, na damu yake wenyewe huwa haiutoshi. Juu ya hayo kuna shinikizo la damu, ambalo wengi wa wagonjwa hawa wanalo. Kuna upungufu wa damu, kwa kuwa figo ndizo zitoazo amri ya kutengenezwa chembe nyekundu, na damu ikiwa nyepesi moyo hulazimika kupiga zaidi. Kuna fosforasi isiyotoka na kalsiamu iliyoacha njia yake, ambazo baada ya miaka huifanya mishipa kuwa migumu kama iliyotiwa chokaa. Na kuna potasiamu, madini yaliyomo katika ndizi, machungwa, maharage, viazi, tende na madafu. Mwenye figo nzima huyatoa bila ya kujua. Asiyekuwa nazo humlimbikia, na yakizidi huvuruga mapigo ya moyo, pengine hata kuusimamisha ghafula, bila ya kumpa mtu nafasi ya kuita.

Basi lile dafu tulilolikata kwa mkono wetu lilikuwa na mambo mawili: maji yasiyokuwa na pa kutokea, na potasiamu. Na papa alikuwa na chumvi, na chumvi huleta kiu, na kiu huleta maji. Nasi tulimpa yote hayo siku ya Jumapili, siku ya tatu tangu aliposafishwa.

Siku hiyo ina maana yake. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza walichokiona kwa wagonjwa 32,065 waliokuwa wakisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wagonjwa kama hao hupumzika siku moja moja, ila mara moja kwa wiki hupumzika siku mbili mfululizo. Ilionekana kuwa vifo, na khasa mambo ya moyo, huzidi katika siku inayofuatia mapumziko yale marefu. Msomaji na ataamali hapa. Ikiwa siku mbili za mapumziko zina khatari yake, je, mwenye kusafishwa Jumatatu na Alkhamisi peke yake, ambaye katika wiki moja hukaa siku mbili na kisha siku tatu mfululizo bila ya mashine?

Wala jambo hili si geni. Mtu wa kwanza duniani kuishi miaka kwa mashine hii alikuwa fundi mmoja wa Seattle, Marekani, aitwaye Clyde Shields. Mwezi wa Machi 1960 Daktari Belding Scribner alimtia mrija wa kudumu mkononi, akawa aweza kuunganishwa na mashine kila inapohitajiwa. Kabla ya hapo mashine ilikuwako, kwani Daktari Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi katika miaka ya vita, lakini ilikuwa ya kumvusha mtu siku chache tu. Shields aliishi miaka 11 zaidi, na alipofariki mwaka 1971 hakufariki kwa figo. Alifariki kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1974 Scribner na wenzake waliandika kuwa wagonjwa wao wa muda mrefu walikuwa wakipatwa na ugumu wa mishipa mapema kuliko watu wengine. Na mwaka 1998 ilielezwa kuwa kijana wa miaka 25 hadi 34 anayesafishwa damu ana khatari ya kufa kwa moyo iliyo sawa na ya mzee wa miaka zaidi ya 80. Hata leo, karibu na nusu ya vifo vya wagonjwa hawa hutokana na moyo na mishipa.

Huenda msomaji akasema, "Basi na wapewe dawa za moyo wanazopewa wengine." Jawabu yetu ni kuwa wapewa, na nyingine zinafaa, lakini si zote. Dawa za kupunguza mafuta katika damu, ambazo zimewaokoa wengi duniani, zilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashine mwaka 2005 na tena mwaka 2009, na hazikuonekana kuwapa faida ya maana waliyoitarajia madaktari. Maradhi ya moyo wa mtu huyu yana njia yake mbali, na njia kubwa ni ile ile ya maji, chumvi, madini na muda wa kusafishwa. Katika mji wa Tassin, Ufaransa, walikuwako madaktari waliowasafisha wagonjwa wao taratibu, saa nane kwa kila kikao, mara tatu kwa wiki, na kuwapunguzia chumvi, na wengi wa wagonjwa hao hawakuhitaji tena dawa za shinikizo la damu.

Baada ya kuyajua hayo, turudi kwenye suala letu. Ni nani mwenye lawama?

Wa kwanza kutajwa na watu ni mgonjwa mwenyewe. Husemwa, "Aliambiwa asinywe, akanywa, basi amejitakia." Na ni kweli kuwa mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Lakini sisi twaona kuwa watu huharakisha neno hili bila ya kujua uzito wa wanachomtaka. Mwenye kufunga hushinda na kiu mpaka magharibi, naye anajua kuwa jua litatua. Kiu ya mgonjwa huyu haina magharibi. Hunywa funda, akarudi kuihesabu saa, leo, kesho na mwaka ujao. Haifai mtu aliyemaliza birauli la maji ya barafu amwambie mwenzake, "Subiri." Subira hiyo ni wajibu wake, nasi hatumwondolei, lakini anayeamrisha subira naye ana sehemu yake ya kubeba.

Wa pili ni watu wa nyumbani. Hapa ndipo penye kosa kubwa lisiloonekana. Kiu hii haitokani na hewa peke yake, yatoka jikoni. Chungu kikitiwa chumvi nyingi, kikafuatiwa na achari na papa, mtu mwenye figo zilizokufa atakunywa kwa hali yoyote. Si haki kumlisha mtu chumvi kisha ukamlaumu kwa kiu yake. Wala si haki nyumba nzima ile chakula kitamu na mmoja awekewe sahani yake pembeni kama mfungwa. Twaona bora watu wote wa nyumba wapunguze chumvi pamoja naye, kwani hakuna kati yao itakayemdhuru, na mwenye shinikizo la damu asiyejijua huenda yumo humo humo. Yule mke wa rafiki yetu, tuliyemdhania ubakhili, ndiye peke yake siku ile aliyekuwa na huruma ya kweli. Kikombe chake kidogo kilikuwa kipimo. Tulimwomba radhi, na twaiandika hapa ili iwe mbele ya watu kama vile dhana yetu ilivyokuwa ndani ya nafsi.

Wa tatu ni mgeni na jirani, yaani sisi. Desturi yetu watu wa pwani, na ya ndugu zetu wa Machakos vile vile, ni kuwa mgonjwa hazuriwi mikono mitupu, na anayekataa chakula humvunjia mgeni heshima. Ni desturi njema katika asili yake. Lakini desturi inayomlazimisha mgonjwa kuchagua baina ya moyo wake na uso wa mgeni imekwisha kupotea njia. Ukamleta chungwa, embe la Machakos lililoiva, au bakuli la muthokoi wenye maharage mengi, umemleta kitu kizuri kwa mtu asiyekuwa yeye. Uliza kwanza. Mwulize anayempikia, si mgonjwa, kwani mgonjwa atakustahi. Na ikiwa hujui cha kuleta, leta nauli ya kwenda hospitali.

Huenda mtu akatupinga akisema, "Aliyempa kwa huruma bila ya kujua hana dhambi." Twasema: asiyejua na hana njia ya kujua, huyo ana udhuru. Lakini yule rafiki yetu alituambia kwa ulimi wake kuwa hupimiwa. Elimu ilikuwa mbele yetu, nasi tuliisukuma kwa mzaha. Wanavyuoni wametufundisha kuwa madhara huondoshwa, na kwamba kukinga madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Raha ya dafu ni manufaa ya dakika moja. Hapo nia yetu haikutufaa kitu, kwa kuwa tukiipekua vizuri tunaona kwamba tulitaka kuituliza huzuni yetu sisi kwa kumwona mwenzetu ana kiu. Huruma inayotafuta kujituliza yenyewe si huruma kwa mwingine.

Na lingine linalotokana na hilo ni habari ya Ramadhani. Wako wagonjwa wa mashine wanaofunga kwa siri, kisha wakafungua kwa tende nyingi na maji mengi kwa mara moja, na wakajiona wamefanya jihadi. Mgonjwa ana ruhusa, na aliye na maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku. Asiyekubali ruhusa ya Mola wake hakuwa mchaji kuliko sheria. Na awaulize wawili pamoja, mwanachuoni wake na daktari wake, wala asimwache mmoja akamfuata mwingine.

Wa nne ni sisi sote kwa jumla, yaani mji. Hili ndilo zito zaidi, na watu hawalipendi.

Tangu mwaka 2015 serikali ilipoanza kupeleka mitambo katika hospitali za kaunti, mashine za kusafisha damu zimefika miji mingi, na Machakos ni mmoja wao. Hii ni neema, kwani kabla yake wengi walilazimika kwenda Nairobi, na asiyekuwa na nauli alikufa kwao. Bima ya Taifa ya Hospitali, mpaka ilipoondolewa mwaka 2024 na mahali pake ikashika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilikuwa ikilipia vikao viwili kwa wiki. Hatuikufuru neema hiyo. Maelfu waliishi kwayo. Lakini vikao viwili vikawa desturi, na desturi ikafanywa kuwa ndiyo dawa yenyewe. Wako wagonjwa ambao figo zao zina uhai kidogo, na viwili vinawatosha. Wako wengine ambao daktari huwaandikia vitatu, nao huenda viwili kwa kukosa pesa, na siku ya tatu huilipa kwa moyo.

Kule Seattle, mashine zilipokuwa chache katika mwanzo wa miaka ya 1960, iliwekwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina, wakae na kuchagua nani ataunganishwa na nani ataachwa. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1962 watu wengi waliona vibaya, wakauliza ni nani aliyewapa watu saba mizani ya roho za wenzao. Sisi hatukai katika kamati yoyote. Lakini kila mji unaojua kuwa jirani yake ameandikiwa vikao vitatu na anapata viwili, nao ukajenga mnara wa pili wa msikiti au ukapika karamu ya arusi ya siku tatu, umekwisha kuchagua. Tofauti ni kuwa wale saba walijua kuwa wanachagua.

Basi twasema kwa wazi: fukara aliyeandikiwa kikao asichoweza kukilipa ni mtu wa kupewa zaka, na sadaka zetu hazina mahali bora kuliko hapo. Haba na haba hujaza kibaba. Maneno hayo ni onyo kwa mgonjwa anayekunywa funda baada ya funda, na ni matumaini kwa mji unaochanga shilingi baada ya shilingi. Watu ishirini wa msikiti mmoja waweza kukibeba kikao cha mtu mmoja kila wiki, bila ya hata mmoja wao kulala na njaa.

Na tusingoje mtu aombe. Mwenye maradhi haya huona haya, na ishara za moyo huzificha mpaka zimwumbue. Ukiona jirani yako wa mashine avimba miguu, au ameacha kulala kitandani akalala kitini, au asimama mara mbili kabla ya kufika msikitini, au asema moyo wamruka, usimwambie ni uchovu. Mpeleke hospitali siku ile ile, wala usingoje zamu yake ya mashine.

Jawabu yetu basi kwa suala la darasa ni hii. Nia njema ni sharti la wema, wala si wema wote. Mwenye kumhurumia mtu hana budi kumjua, na kukijua anachompa, na kukubali kuona kiu ya mwenzake bila ya kuizima kwa namna itakayomuua. Na anayetaka mgonjwa apime, naye apime: chumvi ya nyumba yake, zawadi ya mkono wake, na mali ya mfuko wake.

Tulirudi Machakos baada ya mwezi mmoja. Safari hii tulichukua mchele mweupe, na gharama ya vikao vinne iliyochangwa na wanafunzi wa darasa hili. Mkewe akatuletea maji katika vikombe vile vile vya kahawa, kimoja kwa kila mtu, mwenyeji na wageni sawasawa. Tukanywa polepole, tukazungumza mpaka adhana ya laasiri, wala hakuna aliyeomba cha pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie elimu itangulie mikono yetu. Amin.